Kichocheo Hakibadiliki?

Nimefundisha ualimu miaka mingi hapa pwani, na sentensi iliyonichosha kuliko zote ni hii: kichocheo huharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kubadilika. Mwanachuo huikariri, hupata alama zake, kisha huenda Kerege au Saadani kuwakaririsha watoto wa wenzake. Sentensi hiyo, ndugu msomaji, ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye kazi.

Chukua seli ya fueli ya asidi. Mwaka 1839 William Grove alitumbukiza vipande vya platinamu katika asidi ya salfa, akavipatia haidrojeni na oksijeni, akapata umeme. Kwa nini platinamu? Mtu wa Bagamoyo hahitaji maelezo marefu: hewa ya chumvi hula msumari wa jahazi, lakini hereni ya dhahabu ya bibi haiguswi. Nayo asidi ni kali kuliko hewa ya bahari. Nikeli, ambayo tunayo Kabanga kule Ngara, hufaa katika seli za alkali. Ukiiweka peke yake katika asidi, huliwa.

Basi platinamu haibadiliki? La hasha! Hutandazwa juu ya unga wa kaboni kwa chembe za nanomita chache tu, ili gramu moja ipate uso mpana. Kadiri seli inavyowashwa na kuzimwa, chembe hizo huyeyuka kidogo kidogo na kushikamana, uso ukapungua, na kaboni yenyewe ikaliwa. Monoksidi ya kaboni ikiingia pamoja na haidrojeni, hung'ang'ania platinamu na kuziba nafasi. Upande wa oksijeni ndio mgumu zaidi. Huko wataalamu huichanganya na kobalti ili platinamu kidogo ifanye kazi kubwa.

Naambiwa hayo ni mambo ya Wazungu na vyombo vyao vya angani. (Kweli, Gemini 5 ilirushwa na seli za namna hiyo mwaka 1965.) Lakini platinamu nyingi ya dunia huchimbwa Afrika Kusini, nao hawakuridhika kuiuza tu: mwaka 2008 walianzisha mpango wa HySA, vichocheo wakavikabidhi Chuo Kikuu cha Cape Town na Mintek. Kijana wetu aliyeaminishwa kwamba kichocheo hakibadiliki atatafuta nini katika maabara kama hiyo?

Wengine hujitetea kwamba shule hazina platinamu. Hazina. Zina penseli. Chonga mbili pande zote, zitumbukize katika asidi ya betri iliyozimuliwa sana (mwalimu aishike mwenyewe), pitisha umeme wa betri za tochi mpaka mapovu yatoke, kisha ondoa betri na unganisha voltimita. Mshale utapanda, halafu utashuka upesi. Mtoto atauliza kwa nini umeshuka. Mwalimu asithubutu kumjibu kwa ile sentensi.