Dobi wa Bariadi asafishe nguo bila kuchafua kisima

Tangu Mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu yake, kazi ya udobi imepata soko jipya. Ofisi zimeongezeka, watumishi wamehamia, na fedha za pamba zinapoingia mifukoni mwa wakulima, harusi hufuatana. Suti, majoho ya kwaya na magauni ya sherehe yanahitaji mtu anayejua kuyatunza.

Hii ni biashara halali inayoweza kuanzishwa kwa mtaji mdogo. Lakini kabla haijakua zaidi, kuna jambo la kuamua mapema: je, nguo hizo zisafishwe kwa maji au kwa kemikali? Kwa mazingira ya Simiyu, jibu linalofaa ni maji.

Wengi hudhani drai klini ni kusafisha nguo bila kuilowesha. Sivyo. Nguo hulowa chapachapa, ila katika kimiminika kisicho maji. Kwa miongo mingi kimiminika hicho kimekuwa perikloroethilini, kwa kifupi perki. Huondoa mafuta na grisi vizuri, ingawa doa la jasho au la chai huwashinda wengi hadi watumie maji.

Madhara yake yanajulikana. Mvuke wake huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na anayeuvuta kwa muda mrefu huhatarisha ini na figo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka perki katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mvuke huo hupenya hadi chumba cha jirani na kunasa kwenye vyakula vyenye mafuta kama siagi. Mwenye duka la vyakula aliyepanga ukuta mmoja na dobi wa aina hiyo ana sababu ya kuuliza maswali.

Hatari kubwa zaidi kwa Simiyu iko ardhini. Perki ni nzito kuliko maji, hivyo ikimwagika huzama hadi kwenye maji ya chini na kukaa huko miaka mingi. Marekani hairuhusu zaidi ya mikrogramu 5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa hesabu hiyo, lita moja ya perki, yenye uzito wa kilo 1.6, inatosha kuharibu zaidi ya lita milioni 300 za maji. Katika mkoa ambao mito kama Simiyu na Duma hupungua sana kiangazi, na watu na ng'ombe wakategemea visima, hiyo si hasara ya dobi peke yake.

Wenzetu walioanza zamani sasa wanarudi nyuma. Jimbo la California lilizuia mashine mpya za perki mwaka 2008 na kuzimaliza zote ifikapo Januari 1, 2023. Desemba 2024, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitoa kanuni ya kuiondoa perki katika drai klini nchini humo ndani ya miaka 10. Mashine inayokataliwa huko haitakosa kutafutiwa mnunuzi kwingine kwa bei ya kutupa. Mfanyabiashara mdogo asiione bei hiyo kuwa bahati.

Wala njia ya mkato ya kusugua suti kwa petroli haifai. Mvuke wa petroli hudhuru mapafu, na cheche moja ya pasi ya mkaa inatosha kuteketeza banda na mali za wateja.

Njia mbadala ipo. Mwaka 1991 kampuni za Kijerumani Miele na Kreussler zilileta mashine zinazosafisha hata sufu kwa maji, sabuni laini na mzunguko wa polepole. Dobi asiye na mashine hiyo anaweza kufuata kanuni zilezile: maji ya baridi, sabuni isiyo kali, kukamua bila kusokota, kukausha kivulini na kupiga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu. Asome pia lebo ya nguo. Duara lenye herufi W humaanisha nguo inakubali usafishaji wa kitaalamu kwa maji. Lenye P humaanisha perki inaruhusiwa. Suti nyingi za poliesta hustahimili maji zikishikwa kwa uangalifu, na pamba, zao la mkoa wenyewe, haina ugomvi na maji.

Hata hivyo, maji ya sabuni nayo yana pa kumwagwa. Yakielekezwa mtoni huishia Ziwa Victoria, na sabuni yenye fosfeti hulisha magugu huko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pasi ya mkaa nayo hula miti. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu, zilipokuwa Shinyanga, zilinufaika na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 na kurudisha ngitili. Haifai miti hiyo iishie kwenye pasi wakati umeme upo.

Halmashauri zinazotoa leseni ziulize swali moja la ziada: uchafu wa dobi huyu unakwenda wapi? Vikundi vya vijana na wanawake vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 kwa ajili ya udobi vipewe kipaumbele vikionyesha mpango wa maji machafu na pasi ya umeme. Mteja naye aulize nguo yake itasafishwa kwa nini, na arudishe henga badala ya kuitupa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kemikali ikishazama kisimani ni vivyo hivyo, na hakuna suti iliyonyooka kiasi cha kufidia kisima cha kijiji.