Kibwagizo Kilichovujisha Mtihani

Kuna uvivu umeingia katika kazi ya kuifundisha kompyuta Kiswahili, nami nimeona nisiufumbie macho. Ni uvivu wa kuteua modeli kwa ukubwa wake. Mtu hutazama orodha, akachukua iliyo juu, akaipa maandishi yetu, kisha akatangaza kuwa mashine imekijua Kiswahili. Wanaoumia ni washairi, na wengi wetu hatuna habari.

Vijana wawili walinijia na programu ya kutambua lahaja ya ubeti: huu ni wa Kimvita, huu wa Kiamu, huu wa Kiunguja. Walikusudia kuitumia kupanga mashairi ya zamani ambayo jamaa za watunzi wamekubali yahifadhiwe. Kazi njema. Walikuwa wamejaribu modeli kadhaa zilizofunzwa awali, yaani zile zilizokwisha kusomeshwa maandishi mengi kabla ya kupewa somo dogo la kazi mahususi. Iliyoongoza ni ile kubwa kupita zote, tena kwa alama za kutia wivu.

Nikawauliza: beti za mtihani mlizipataje? Wakajibu kuwa walizichanganya beti zote, kisha wakachota moja katika kila tano kwa bahati nasibu.

Ndugu msomaji, wewe unayejua shairi linavyojengwa, umekwisha kuliona kosa. Shairi la beti kumi likigawanywa hivyo, beti kama nane huingia darasani na mbili huingia chumba cha mtihani, zote zimebeba kibwagizo kimoja, na mara nyingi vina vilevile. Modeli haikuhitaji kuijua lahaja. Ilihitaji kukumbuka kibwagizo. Mtihani ulikuwa umevuja, na aliyeuvujisha ni kanuni yetu wenyewe ya utunzi.

Nikawashauri watenge washairi badala ya beti: mtunzi atakayetokea kwenye mtihani asionekane darasani hata kwa mshororo mmoja. Walipofanya hivyo, matokeo yalipinduka. Ile kubwa iliporomoka. Ndogo moja, waliyokwisha kuitupa kando, ilishuka pia, lakini kidogo, ikabaki mbele. Alama za mwanzo zilipima kumbukumbu. Hizi za pili zilipima kile ambacho wataalamu hukiita ujumlishaji, yaani uwezo wa kulichukua somo na kulitumia mahali pageni. Tofauti hiyo tunaijua tangu zamani: kuna anayekariri utenzi mzima, na kuna anayeweza kutunga ubeti wake.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Swali la kwanza la kuiuliza modeli ni malezi yake. XLM-R, iliyotolewa mwaka 2019, ililelewa kwa lugha 100. Katika malezi hayo Kiingereza kilipewa takriban gigabaiti 300 za maandishi, na Kiswahili takriban 1.6. Tena maandishi yenyewe yalikusanywa kwenye kurasa za intaneti, ambako Kiswahili cha habari ni kingi kuliko cha utenzi. Mtoto wa malezi hayo akikutana na “mato”, “nti” na “ndia”, au na inkisari iliyofupisha neno ili mizani itimie, tusistaajabu akidhani mtunzi amekosea tahajia.

Na wembamba wa reli, treni hupita. Mwaka 2021 ilitoka AfriBERTa, iliyofunzwa kwa lugha 11 za Afrika kwa maandishi yasiyofika gigabaiti moja. Katika kutambua majina na kuainisha maandishi, ilishindana na modeli kubwa za lugha nyingi, na katika lugha kadhaa ikazishinda. Mwaka uliofuata ikaja AfroXLMR: watafiti waliichukua XLM-R ileile, wakaiendeleza kwa maandishi ya lugha 17 za Afrika pamoja na Kiarabu, Kifaransa na Kiingereza. Sisemi kwamba ndogo hushinda daima. Nasema ukubwa haujibu swali la malezi, na hata mkubwa anaweza kurudishwa nyumbani akafunzwa.

Swali la pili: modeli inakata wapi maneno? Neno “atakayekupikia” limebeba mtenda, wakati, urejeshi, mtendewa na kauli ya kutendea. Modeli ambayo kisu chake kilinolewa kwa lugha nyingine huweza kulikata pasipo mshono, ikabaki na vipande visivyo na maana. Waombe wahandisi wakuonyeshe vipande hivyo. Huhitaji hesabu kuviamua. Wahitaji masikio tu.

Swali la tatu ni lile la kibwagizo: imetahiniwa kwa mtunzi ambaye haijawahi kukutana naye? Shairi lililokwisha kuwekwa intanetini halitoshi, maana huenda modeli ililisoma tangu utotoni mwake.

Najua atakayeniambia kuwa haya ni mambo ya wahandisi, sisi tushike kalamu zetu. Jibu langu ni kwamba vijana wale hawakuwa wajinga. Walijua hesabu kunishinda. Ila hawakujua kibwagizo hufanya kazi gani katika shairi, na hakuna aliyewaambia. Laiti hifadhi ile ingepangwa kwa alama za mwanzo, shairi la Mvita lingewekwa fungu lisilo lake, na mjukuu wa mtunzi angelitafuta asilione. Lawama ingekuwa yetu.

Basi natoa rai. Kila mmoja wetu atoe mashairi machache ambayo hajayachapisha popote, tuyaweke pamoja pasipo kuyatia intanetini, yawe mtihani wa modeli yoyote itakayodai kukijua Kiswahili. Yawepo ya Lamu, ya Mvita, ya Pemba na ya bara. Atakayekuja na alama zake za juu, tumpe karatasi hiyo kwanza. Akifaulu, tutampa mashairi ya wazee wetu ayapange. Asipofaulu, arudi darasani.