Tusome Vibao, Tusipige Picha Tu

Mkongomani anayepata nafasi ya kutembea Bruxelles kwa siku chache huwa na orodha yake tayari: Grand-Place, Atomium, Manneken Pis, Matonge. Orodha hiyo si mbaya. Mimi na mke wangu tuliimaliza yote katika siku sita za mapumziko, kwa miguu na kwa metro, na picha tunazo. Lakini naona kwamba sisi watu wa fakulte ya lugha tuna jambo kubwa zaidi la kutazama katika mji ule, tena halina tiketi. Ni vibao vyake.

Kila kitu kimeandikwa mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Grand-Place ni Grote Markt. Rue de la Loi ni Wetstraat. Kituo cha metro kinachoitwa Arts-Loi kinaitwa pia Kunst-Wet, na mgeni anaweza kudhani ni vituo viwili. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la pili hapa Lubumbashi. Siku ya pili ya matembezi aliacha kutazama minara akaanza kusoma kuta. Tulipofika mlango wa kutokea wa kituo kimoja alisimama mbele ya maneno mawili, Sortie na Uitgang, akasema: «Hawa wamekataa mtu wao mmoja apotee.»

Maneno hayo ni mazuri, lakini mambo hayakuanza kwa upole. Ubelgiji ilipopata uhuru mwaka 1830, serikali yake ilisema Kifaransa, ingawa raia wengi walisema Kiholanzi cha kwao nyumbani, shambani na sokoni. Lugha yao ilihesabiwa kuwa ya watumishi na wakulima. Ilibidi wangoje hadi 1898 ndipo maandishi ya sheria kwa Kiholanzi yakapewa nguvu sawa na yale ya Kifaransa, na hadi 1930 ndipo Chuo Kikuu cha Gent kikafundisha kwa Kiholanzi kabisa. Leo Katiba ya Ubelgiji inataja majimbo manne ya lugha: la Kifaransa, la Kiholanzi, la Kijerumani, na Bruxelles penye lugha mbili. Kwa hiyo kibao kinachoonekana kama pambo la barabarani ni mwisho wa ugomvi mrefu. Watu walidai, wakaandika, wakapiga kura, wakaandamana.

Tazameni hata ile sanamu ndogo ya mtoto anayekojoa, ambayo watalii husukumana kuipiga picha. Watu wa dunia nzima, hata Wafaransa, wanaiita Manneken Pis. «Manneken» ni neno la lahaja ya Kiholanzi, maana yake kijana mdogo, kibwana. Lugha iliyodharauliwa ndiyo iliyoupa mji jina lake mashuhuri kuliko yote.

Siku ya nne tulipanda tramu namba 44 hadi Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la Afrika lililofunguliwa tena Desemba 2018. Tulianza kanisani, kwenye makaburi ya Wakongomani saba waliofia huko mwaka 1897, walipoletwa kuonyeshwa kwa watu katika maonyesho ya mfalme Leopold wa Pili. Kisha tukaingia. Maelezo yameandikwa kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Vitu vinavyoelezwa vimetoka kwetu kwa wingi. Kuna hata chumba cha lugha na muziki. Lugha zetu zimo humo kama vitu vya kuonyeshwa. Kumweleza mtu jambo, zinatumika nyingine. Mke wangu alichukizwa, na alikuwa na haki. Lakini nilimwambia, na ninawaambia ninyi pia: kabla ya kuwadai Wabelgiji, tujiulize sisi tumeandika nini kwenye kuta zetu.

Maana ugomvi ule wa Wabelgiji ulifika hadi huku. Sheria ya 1908 iliyoifanya Kongo kuwa koloni la Ubelgiji iliagiza amri za jumla zitolewe kwa Kifaransa na kwa Kiflamand, na maandishi yote mawili yawe rasmi. Babu zetu walitawaliwa kwa lugha mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa yao. Leo hakuna anayetuzuia. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na inaipa Serikali wajibu wa kuziendeleza bila ubaguzi. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka lugha hizo zitumike kufundishia.

Basi mtoto wa darasa la mke wangu anajifunza kusoma kwa Kiswahili. Anatoka nje ya shule. Atasoma nini? Ofisi ya komuni imeandikwa kwa Kifaransa. Barabara ni Kifaransa. Chini ya nguzo ya umeme wa nguvu, penye kuua, onyo ni la Kifaransa. Na mama yake, anayesoma barua za ndugu zake kwa Kiswahili bila taabu, akimpeleka hospitalini usiku atakuta milango kumi asiyoweza kuichagua. Huyo mama anajua kusoma. Ni mji ndio umemfanya kuwa asiyejua.

Najua majibu yanayotolewa. Wa kwanza atasema kwamba lugha nne ni nyingi mno. Lakini hakuna anayeomba lugha nne kwenye kila mlango. Ubelgiji inafuata eneo: ukitoka Bruxelles kwa gari moshi kuelekea Leuven, matangazo yanabaki Kiholanzi peke yake. Kwetu pia, Lubumbashi au Bukavu ingeweka Kiswahili kando ya Kifaransa, na Mbuji-Mayi ingeweka Tshiluba.

Wa pili atauliza: Kiswahili kipi, cha vitabuni au cha Kenya na Katuba? Wabelgiji nao hawasemi nyumbani kama kibao kinavyoandika. Kibao kinafuata lugha sanifu, na kila mtu anakielewa. Katika mtaa wa Marolles vibao vingine vina hata mstari wa tatu, wa lahaja ya wenyeji. Lahaja na lugha sanifu zinakaa ukuta mmoja.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Atasema lugha zinagawanya, na atataja Chuo Kikuu cha Leuven, mzazi wa Lovanium yetu ya 1954, kilichopasuka kuanzia 1968 kwa sababu ya lugha. Ni kweli. Lakini tusome sababu yake vizuri. Waliopasuka ni watu ambao lugha ya mmoja ilikuwa imedharauliwa na ya mwenzake kwa zaidi ya miaka mia moja. Dharau hiyo ndiyo iliyozaa hasira.

Pendekezo langu ni dogo. Fakulte yetu ianze na milango yake yenyewe: sekretarieti, maktaba, vyumba vya masomo, vyoo. Kisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wachague hospitali moja au komuni moja, waorodheshe maandishi yake yote, watafute maneno ambayo watu wanayatumia kweli, na wayapeleke kwa wakubwa wa mahali hapo yakiwa tayari kupakwa rangi. Hiyo ni kazi ya mwisho wa masomo yenye faida kuliko nyingi zinazolala kwenye kabati.

Na ninyi mtakaopata visa siku moja, pigeni picha zenu mbele ya Atomium. Kisha geukeni, msome kilichoandikwa ukutani, mhesabu ni mara ngapi.