Kinasa Video cha Kuundwa Nyumbani na Wajibu wa Mtafiti wa Kiswahili: Mtazamo kutoka Kariakoo

1.0 Utangulizi

Jina Kariakoo ni ushahidi wa namna Kiswahili kinavyopokea kitu kigeni na kukifanya chake. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo hilo lilitumika kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, Carrier Corps, likatoka vinywani mwa wenyeji likiwa na silabi wazi na irabu mwishoni. Hakuna kamati iliyokaa kulisanifu. Leo, zaidi ya karne moja baadaye, vifaa vya kielektroni hupokewa katika mitaa hiyo kwa namna ileile: hufunguliwa, hubadilishwa sehemu zake, hupewa majina na kurudishwa kazini.

Makala hii inajadili kifaa kimoja ambacho kinastahili nafasi katika mijadala ya taaluma za Kiswahili, nacho ni kinasa cha kubebeka cha video ya ubora wa juu kinachobuniwa na kuundwa na mtumiaji mwenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba uamuzi kuhusu kinachohifadhiwa na kinachotupwa wakati wa kurekodi ni uamuzi wa kiisimu. Mtafiti anayeuacha kwa mtengenezaji wa simu au kamera amekabidhi sehemu ya utafiti wake kwa mtu asiyejua anachokitafuta. Mahali pa kuurejesha uamuzi huo, kwa mtafiti aliyeko Dar es Salaam, ni kwenye meza ya fundi wa Kariakoo.

2.0 Kinachopotea Wakati wa Kurekodi

Video ya ubora wa juu katika kipimo kinachotumika sana huwa na nukta 1,920 kwa 1,080 katika kila picha, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Picha 25 zikipigwa kila sekunde, na kila nukta ikichukua biti 16, mkondo wa data hufikia takribani biti milioni 829 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 373 kwa saa moja. Ndiyo maana video hubanwa. Kwa kutumia kanuni ya H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003, mkondo huo waweza kushushwa hadi biti milioni 8 kwa sekunde, na saa nzima ikaingia katika gigabaiti 3.6. Kwa maneno mengine, kati ya kila biti 100 zilizotoka kwenye kamera, huandikwa moja tu.

Ubanaji huo hutegemea makadirio ya kile ambacho jicho la mtazamaji wa kawaida halitakikosa. Kwa filamu ya burudani makadirio hayo yanafaa. Kwa mtafiti wa Lugha ya Alama ya Tanzania hayafai wakati wote, kwa sababu kitu kidogo kinachokwenda kasi, mathalani vidole vinavyobadili umbo mbele ya kifua, ndicho kinachobeba tofauti ya maana, na ndicho kinachofifishwa kwanza mkondo unapokuwa mwembamba. Vivyo hivyo kwa anayechunguza viashiria vya Kiswahili: neno pale, likivutwa irabu na kusindikizwa na kidevu kinachoinuliwa, halielezeki kwa sauti pekee.

Sauti nayo ina matatizo yake. Simu nyingi hupandisha na kushusha nguvu ya sauti zenyewe, hupunguza kelele zenyewe, kisha huibana sauti iliyobaki. Katika lahaja za pwani zinazotofautisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni, tofauti imo katika mpumuo mfupi hafifu unaofanana sana na kelele. Mashine iliyoundwa ili kuondoa kelele yaweza kuudhoofisha mpumuo huo bila kumwarifu mtu. Mtafiti atakayepima mpumuo katika data kama hizo atakuwa akipima maamuzi ya mashine.

3.0 Muundo wa Kinasa

Kinasa cha kuundwa nyumbani kina sehemu chache: kamera na lenzi yake, bodi ndogo ya kompyuta, kiunganishi cha maikrofoni, kadi ya kumbukumbu, betri na kasha. Ugumu umo katika kuchagua na kupatanisha.

Kwanza ni bodi. Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, ina sehemu maalumu ya kubana video kwa H.264 katika kipimo kilichotajwa. Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, haina sehemu hiyo, hivyo kazi yote huangukia kichakataji kikuu. Kwa kazi hii, basi, ya zamani yaweza kufaa kuliko mpya. Mbunifu anaweza kuweka mkondo wa biti milioni 25 badala ya 8, akakubali gigabaiti 11.25 kwa saa, na kadi ya gigabaiti 64 ikamtosha kwa zaidi ya saa tano. Sauti huandikwa pembeni bila kubanwa: kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 na njia mbili, saa moja haizidi sana gigabaiti 1.

Pili ni uandishi wa faili. Faili ya kawaida ya MP4 huandikiwa orodha ya yaliyomo mwishoni mwa kurekodi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, mahojiano ya saa nzima yaweza kuwa donge lisilofunguka. Kinasa kilichobuniwa kwa ajili ya uwandani kitaandika vipande vya dakika tano tano, ili ajali ile kipande kimoja tu.

Tatu ni betri na joto. Betri nne za lithiamu za duara, kila moja yenye volti 3.7 na miliampea-saa 2,500, hubeba wati-saa 37. Kifaa kinachotumia wati 6 kitafanya kazi takribani saa tano, upotevu ukishahesabiwa. Ni lazima ziwekewe sakiti ya ulinzi, kwa kuwa lithiamu ikijeruhiwa huwaka. Aidha, bodi iliyotajwa hupunguza kasi kichakataji kinapofikia nyuzijoto 80 hivi, na feni ya kuipoza ingeingia katika maikrofoni. Jibu ni kasha la chuma linalotoa joto bila kelele, kazi ambayo mafundi bati wa Gerezani wanaiweza.

4.0 Lugha ya Meza ya Fundi

Hapa ndipo suala linapogeuka kuwa la istilahi. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria ya mwaka 1967, na kabla ya hapo pia, juhudi kubwa zimefanywa kukipa Kiswahili majina ya vitu vipya. Baadhi ya majina hayo yamekubalika. Kiyoyozi ni mfano. Mengine yamebaki vitabuni: ngamizi na tarakilishi hazikuiondoa kompyuta katika matumizi ya Tanzania.

Sababu inayotolewa mara kwa mara ni kwamba watu hupenda maneno ya kigeni. Makala hii inaona sababu nyingine. Orodha za istilahi hujaa nomino, ilhali kazi ya fundi huendeshwa kwa vitenzi. Fundi husema simu inakula chaji, betri imevimba, bodi imeungua, kadi imekufa. Kila kauli kati ya hizo ni utambuzi wa hitilafu, nayo huamua hatua inayofuata. Mzizi chaji umekwisha kuingia katika mnyambuliko, ukatoa chajiwa na chajisha. Flashi imekuwa kifaa cha kuhifadhia na pia kitenzi, kuflashi, chenye kauli yake ya kutendwa. Huu si uvivu wa lugha. Ni mofolojia ya Kibantu ikifanya kazi hadharani, mbele ya wateja, kutoka mtaa wa Aggrey hadi Msimbazi.

Mtafiti anayeketi na fundi kuunda kinasa atalazimika kuyataja yote kwa mpangilio wa kazi: kubana, kukata vipande, kupoza, kulinda. Faharasa itakayotokana na kazi hiyo itakuwa na vitenzi vyake, na itakuwa imejaribiwa kabla ya kuchapishwa.

5.0 Pingamizi

Yaweza kusemwa kwamba simu inatosha. Kwa kazi nyingi inatosha, na hakuna haja ya kuipinga; lakini kutosha huko kupimwe, kusichukuliwe tu kuwa kweli. Yaweza pia kusemwa kwamba hii ni kazi ya wahandisi. Mhandisi anaweza kukiunda kinasa, lakini hawezi kujua kwamba mpumuo wa p'aa si kelele mpaka mwanaisimu amwambie. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kifaa cha kuundwa hakina uimara wa kile cha kiwandani, na kwamba kinakula muda. Hilo ni kweli. Hata hivyo, kifaa cha kiwandani nacho hufa pamoja na kiwanda: kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016, na tangu hapo kila mkanda wa VHS uliomo kabatini mwa mtafiti unategemea mashine zilizosalia na watu wanaojua kuzitengeneza. Kinasa ambacho mchoro wake umehifadhiwa pamoja na data chaweza kuundwa upya.

6.0 Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Mosi, kila tasnifu inayotumia rekodi ieleze katika sura ya mbinu jinsi sauti na picha zilivyobanwa na kwa kiwango gani. Pili, kozi za utafiti wa uwandani katika ngazi ya uzamili ziwe na siku za kazi pamoja na mafundi wa Kariakoo, na fundi alipwe na kutajwa kama watoa taarifa wengine wanavyostahili. Tatu, istilahi zitokanazo zikusanywe zikiwa na vitenzi vyake kabla ya kupelekwa kwenye kamati.

Wazee wanaosimulia leo hawatasimulia mara ya pili. Mashine iliyowasikiliza ikitupa nusu ya walichosema, hakuna nadharia itakayokirudisha. Ni vema basi mwenye kuuliza swali awe pia anajua kinasa chake kinaacha nini.