Nakala za Saccos zisimzibie mkulima njia

SACCOS inayotunza nakala ya hesabu zake katika mji mwingine inafanya jambo la busara. Ofisi ikiungua au seva ikiibwa, kumbukumbu za akiba ya mkulima hazipotei. Siku hizi kompyuta nzima ya kazi huweza kuhifadhiwa kama faili, yaani mashine pepe, na mabadiliko yake yakatumwa kwa intaneti hadi kwenye seva ya pili.

Tatizo ni njia. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde inayohudumia dirisha la malipo ndiyo hiyo hiyo inayobeba nakala. Gigabaiti 500 za mara ya kwanza huchukua zaidi ya siku nne na nusu kupita humo, hata kama hakuna mwingine anayeitumia. Mkulima aliyelipa nauli kufuata fedha za mazao huambiwa mtandao unasumbua, kumbe anayeusumbua yumo ndani ya ofisi hiyo hiyo.

Dawa yake si ghali. Nakala ya kwanza ipelekwe kwa gari, ikiwa kwenye diski. Baada ya hapo yatumwe mabadiliko tu. Yakiwa gigabaiti 10 kwa siku, laini ikiwa tupu huyamaliza kwa saa mbili na robo hivi. Mchana nakala iwekewe kikomo cha kasi, na mzigo mkubwa usubiri usiku.

Hata hivyo, si kila kitu kisubiri usiku. Moto ukizuka saa kumi jioni, malipo na marejesho yote ya tangu asubuhi hayatakuwamo katika nakala. Mashine yenye akaunti za wanachama inapaswa kutumiwa nafasi yake mchana kutwa, tuseme kila dakika 15. Barua pepe na picha ndizo zisubiri.

Kwa nakala zinazohifadhiwa ng'ambo kuna hatari zaidi. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku ya namna hiyo, kikomo cha kawaida chaweza kumeza laini yote iliyobaki. Fundi awe na ruhusa ya kusimamisha nakala bila kusubiri kikao cha bodi.

Katika mkutano mkuu, wanachama wana haki ya kuuliza nakala ya mwisho ilifika saa ngapi, na ni lini iliwashwa kwa majaribio ikafanya kazi.