Usimhukumu Mgonjwa Kabla ya Kupima Mkojo



Mtu akisikia moto wakati wa kukojoa, wengi wanasema mara moja: "Huyu amezini." Mume anamshitaki mke, mke analia, na nyumba inavunjika. Mimi nasema, hukumu ya namna hii si ya haki. Sherti mkojo upimwe kwanza.

Fahamu hivi: mara nyingi ugonjwa huu unaletwa na kidudu kiitwacho E. coli. Kinakaa matumboni mwetu sote, kisha kinaingia katika njia ya mkojo. Bikira anaweza kuupata, na mjane vilevile.

Lakini viko vidudu vingine visivyo vya kawaida. Kimoja ni Proteus. Kinageuza mkojo, na mawe yanafanyika ndani ya figo. Kingine ni kidudu cha kifua kikuu. Je, unashangaa? Kinatoka mapafuni, damu inakichukua mpaka figo, na kinaweza kulala humo miaka mingi. Kikiamka, kinakula figo polepole. Mgonjwa anakojoa mara kwa mara, usiku na mchana, pengine na damu. Mkojo una usaha, lakini kipimo cha kawaida hakionyeshi kidudu.

Mtu huyu ananunua vidonge sokoni. Anapata nafuu kidogo, maumivu yanarudi, ananunua vingine. Vidonge kama siprofloksasini vinaweza kulegeza kidudu cha kifua kikuu bila kukimaliza, na ugonjwa unafichika. Huku njia ya mkojo inapata kovu, inaziba, na figo inakufa.

Basi, maumivu yakirudi baada ya dawa, usiende sokoni tena. Njoo kwa munganga. Mwambie wazi kama wewe au mtu wa nyumbani mwako aliugua kifua kikuu zamani. Lete mkojo wa kwanza wa asubuhi, siku 3. Ikiwa ni kifua kikuu, utameza dawa kwa muda wa miezi 6 pasipo kuacha. Mkojo utakuwa na rangi ya chungwa kwa sababu ya dawa, usiogope. Na ikiwa ni kisonono, mume na mke watatibiwa pamoja.

Nanyi wazee wa kanisa, msimwite mtu barazani kwa ajili ya mkojo wake. Msindikizeni kwanza mpaka hospitali.