Zawadi ya mwaka wa kwanza iwe jirani na nyumbani

MTAZAMO WA MERU
Na Eliamani Nnko

Siku hizi mtoto akikaribia kutimiza mwaka, familia nyingi za Nkoaranga, Usa River na Tengeru huanza kuulizana: tumpeleke wapi? Zamani jibu lilikuwa kwa bibi yake. Sasa inakodiwa Noah, vinashonwa vitenge vya sare, anatafutwa mpiga picha, na msafara unashuka Arusha mjini kwenye viwanja vya burudani vyenye treni ndogo, bembea za umeme na maputo makubwa ya kurukia. Wenye uwezo zaidi huunganisha na likizo wakafika hadi Dar es Salaam, kwenye michezo ya maji ya Kunduchi. Sina ugomvi na sherehe yenyewe. Ninachopinga ni mahali. Kwa mtoto wa umri huo, mahali pa karibu anaporudi kila wiki pana faida kubwa kuliko mahali pa mbali anapofika mara moja. Na kama wazazi wetu wanaendelea kwenda mbali, sababu mojawapo ni kwamba huku hatujawaandalia pa kwenda.

Nianze na sherehe, maana wapo wanaoibeza kuwa ni kuiga mambo ya watu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 33 hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na 24 kati ya hao hufariki ndani ya mwezi wa kwanza. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto wa miezi 12 uisome taratibu. Ina BCG na matone ya polio ya siku za mwanzo, ina chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ina vitamini A kuanzia miezi sita, ina surua na rubela ya miezi tisa. Katikati kuna nukta za uzito, moja kwa kila mwezi, zilizounganishwa kwa peni ya muuguzi hadi zikawa mstari. Pengine mstari huo umelala au kushuka mahali fulani, mtoto alipoharisha au alipokuwa anaota meno, kisha ukapanda tena. Mama aliyeibeba kadi hiyo mwaka mzima ana haki ya kukata keki, na akiwa na uwezo achinje na ndafu. Anayemwambia asisherehekee hajui mwaka huo ulivyopita.

Lakini tukishakubaliana kwamba sherehe ni ya mzazi kumshukuru Mungu na ndugu, inabaki siku ya mtoto, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa mwaka mmoja ana urefu wa wastani wa takriban sentimita 76, na wa kike 74. Kwenye bustani za Disney kule Marekani, zilizo maarufu katika biashara hii tangu ile ya kwanza ilipofunguliwa California mwaka 1955, baadhi ya michezo inayopendwa sana huwa na kipimo mlangoni: asiyefika sentimita 102 hapandi. Urefu huo mtoto wa wastani anaufikia akiwa na umri wa miaka minne hivi. Bustani hizo hizo haziwatozi kiingilio watoto walio chini ya miaka mitatu. Kampuni inayoishi kwa kuuza tiketi inajua vizuri nani anayeburudika na nani aliyebebwa. Viwanja vyetu si vikubwa kama hivyo, ila mwili wa mtoto ni ule ule. Kwenye puto la kurukia, mtoto aliyeanza kusimama juzi akiwekwa pamoja na wa miaka minane, kila mkubwa anapotua, mdogo anaangushwa. Kwenye treni anapakatwa na shangazi. Kwenye bembea anashikiliwa kiunoni ili picha itoke vizuri.

Na umri huo ndio ambao mtoto hataki kupakatwa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, kutokana na watoto wa nchi tano, ulikuta kwamba watoto wengi huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu, na wastani ni miezi 12. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya kwanza inaangukia katikati kabisa ya kazi kubwa ya kujifunza kusimama, kuanguka na kuinuka. Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu kuhusu kazi hiyo. Mtafiti Charles Super alipowachunguza watoto wa Kipsigis katika kijiji cha Kokwet, Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 1976, alionyesha kwamba watoto hao waliwatangulia wenzao wa Marekani katika kukaa na kutembea, na kwamba sababu haikuwa damu. Mama zao waliwafundisha makusudi, kila siku, na kuwapa nafasi ya kujaribu. Alichohitaji mtoto yule ni ardhi iliyo salama, mtu wa kumshika mkono, na kesho yake kurudia.

Neno hilo la kurudia ndilo nililoshikilia. Watu wengi hupinga safari hizi kwa kusema mtoto hatakumbuka kitu. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na nusu haitoshi. Ni kweli kwamba mtu mzima kwa kawaida hana kumbukumbu ya mambo yaliyompata kabla ya kutimiza miaka mitatu au zaidi kidogo. Ila mtoto mchanga anakumbuka kwa kipimo chake. Carolyn Rovee-Collier, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Rutgers, aliwafundisha watoto kubonyeza kitufe ili treni ya kuchezea itembee, kisha akapima ni muda gani watakumbuka. Wa miezi sita walikumbuka kwa takriban wiki mbili, wa mwaka mmoja kwa wiki nane hivi. Alichogundua zaidi ni kwamba mtoto akikumbushwa kidogo kabla hajasahau, ujuzi ule unaendelea kuishi. Safari ya siku moja mjini itafutika kabla ya mvua zinazofuata. Mahali anapopelekwa kila Jumamosi hapafutiki, kwa sababu kila anapofika anaanza pale alipoachia wiki iliyopita.

Kuna na suala la watu. Katikati ya miaka ya 1950 mtafiti Mary Ainsworth alizunguka vijijini karibu na Kampala akiangalia namna watoto wa Kiganda wanavyoishi na mama zao, na kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Mengi yanayofundishwa leo duniani kuhusu mtoto na mlezi wake yalianzia pale Uganda. Alimwona mtoto akitambaa kwenda kuchunguza kitu, akigeuka kuhakikisha mama yupo, akirudi kumgusa, kisha akienda mbali zaidi. Mama akiondoka, uchunguzi unakoma. Mgeni akiingia, mtoto anajibana kwa mama. Sasa mfikirie mtoto huyo katikati ya umati wa Jumapili, spika mbili zikipiga muziki, akipokezwa mikono kwa mikono ili kila mmoja apate picha yake. Akilia tunasema ana usingizi, na pengine ni kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na ule wa mchana, saa tatu za kujongea na kucheza, na asifungwe mahali pamoja, iwe kwenye kiti au mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Kuteremka kutoka Nkoaranga hadi barabara kuu ya Moshi na kuingia kwenye foleni ya mjini kunaweza kuimaliza saa hiyo kabla hamjafika.

Watakaonipinga wana hoja, na ya kwanza ni picha. Mtoto akikua, wanasema, ataona alivyopendwa. Nakubali, na ndiyo maana napenda picha hiyo iwe na bibi aliyemwogesha, migomba ya nyuma ya nyumba na majirani walioleta maziwa, maana hao ndio atakaotaka kujua habari zao. Hoja ya pili ni ya wazazi wa Sakina au Ngarenaro wanaoishi chumba na sebule, wasio na ua wala bibi wa karibu, ambao kiwanja cha kulipia ndicho mahali pekee pasipopita pikipiki. Hao siwezi kuwalaumu hata kidogo, na nitarudi kwao. Ya tatu ni kaka na dada wakubwa. Kama safari ni ya mtoto wa miaka saba, nendeni mkafurahi, na mdogo awasindikize. Vivyo hivyo kwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha iliyo jirani yetu. Aliye chini ya miaka mitano haingii kwa malipo, lakini twiga wa Momella na flamingo wa kwenye maziwa watamfaa zaidi akishaweza kuuliza maswali.

Sasa nirudi kwa mzazi wa chumba na sebule, maana hata huku mlimani wazazi wa namna hiyo wameanza kuwa wengi. Vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi kahawa, migomba, zizi na nyumba tatu vinabanana kwenye kipande kimoja, na njia iliyokuwa ya watu na ng'ombe sasa ni ya bodaboda. Wameru ni watu waliomtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi yao ya Engare Nanyuki baada ya kuhamishwa kwa nguvu. Thamani ya kipande cha ardhi cha wote hatufundishwi na mtu. Na bado ni nadra, katika vijiji vyetu, kukuta hata robo eka iliyotengwa kwa ajili ya mtoto mdogo kucheza bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja mapumziko pamoja na afya, elimu na malazi miongoni mwa haki za mtoto. Jiji la Arusha linapata uwanja wa mpira wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, na ni jambo la kujivunia. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kidogo sana kuliko hapo.

Nitaambiwa halmashauri haina fedha, zahanati na vyoo vya shule vinatangulia. Vinatangulia kweli. Lakini ardhi ya kuanzia ipo: viwanja vya shule za msingi hufungwa Jumamosi mchana, na viwanja vya makanisa hukaa vitupu katikati ya wiki. Kinachotakiwa ni kona moja yenye nyasi zilizofyekwa, kivuli cha mti, uzio upande wa barabara, bomba la maji, magogo mawili ya kujishikilia anayejifunza kusimama, na benchi la bibi lililo karibu kiasi cha mtoto kugeuka na kumwona. Fedha za Noah moja na mpiga picha mmoja, zikichangwa na familia chache, zinatosha kuanza. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mwanakijiji yeyote ana haki ya kuliomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda. Mzazi ambaye mtoto wake amechomwa chanjo ya miezi tisa wiki hii bado ana muda wa kutosha.